Kosa Lisiloonekana: Takwimu na Uhakika wa Usahihi wa Programu za Kuchanganua Kiswahili

Ikisiri

Utafiti wa Kiswahili unazidi kutegemea programu za kompyuta zinazochanganua maneno, kubainisha aina zake na kukagua tahajia. Mara nyingi usahihi wa programu hizo hutajwa kwa asilimia moja tu, bila maelezo ya ushahidi unaoibeba asilimia hiyo. Makala haya yanaeleza jinsi takwimu zinavyoweza kupima uhakika anaostahili kuwa nao mtafiti kuhusu usahihi wa programu. Yanafafanua kanuni ya tatu, mipaka ya makadirio, mbinu ya wasomaji wawili na makadirio ya mambo ambayo hayajaonekana, kisha yanaonesha kwa mifano ya Kiswahili mahali ambapo kila mbinu hukoma. Hoja kuu ni kwamba uhakika si sifa ya programu peke yake, bali ni sifa ya programu pamoja na matini iliyojaribiwa nayo. Matini ikibadilika, uhakika hauna budi kupimwa upya.

Maneno makuu: takwimu, uhakika, usahihi wa programu, kongoo, sampuli, mofolojia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1992 Arvi Hurskainen alieleza katika Nordic Journal of African Studies namna mofolojia ya Kiswahili inavyoweza kuchanganuliwa kwa kompyuta kwa kufuata modeli ya ngazi mbili. Tangu wakati huo, uchanganuzi wa aina hiyo umekuwa msingi wa kazi nyingi. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la 2.0, ina maneno yapatayo milioni 25, na maelezo ya kisarufi yaliyoambatanishwa na maneno hayo yamewekwa kwa programu. Hakuna jopo la wasomi linaloweza kukaa na kulipitia kila neno katika kongoo ya ukubwa huo. Anayehesabu humo virejeshi, kauli za vitenzi au ngeli za nomino huhesabu kile ambacho programu imeona.

Uzito wa jambo hili hubainika kwa hesabu fupi. Programu inayokosea neno moja katika kila maneno 1,000 itaacha makosa 25,000 katika kongoo ya maneno milioni 25. Inayokosea maneno matatu katika kila 100 itaacha makosa 750,000. Makosa hayo yangetawanyika sawasawa katika maumbo yote, huenda hitimisho la utafiti lisingeyumba. Lakini makosa ya programu hayatawanyiki hivyo. Programu hufuata kanuni, na kanuni yenye kasoro hukosea umbo lilelile kila linapotokea. Mtafiti anayechunguza umbo hilohilo hukusanya kasoro ya programu na kuiripoti kama tabia ya lugha.

Ndiyo maana swali la kiasi gani programu iaminiwe halimhusu mhandisi peke yake. Ni swali la mbinu za utafiti, sawa na swali la kuaminika kwa hojaji au kwa mtoa taarifa. Makala haya yanalijibu kwa zana za takwimu.

2.0 Usahihi na Uhakika

Istilahi mbili hazina budi kutenganishwa mwanzoni. Usahihi, kwa maana inayotumika hapa, ni uhusiano kati ya programu na ukweli: programu imetoa jibu linalotakiwa au haikulitoa. Kila programu ina kiwango chake halisi cha makosa, kijulikane kisijulikane. Uhakika ni uhusiano kati ya mtafiti na ushahidi alio nao, yaani kiasi ambacho majaribio yaliyofanywa yanamruhusu kusema kuhusu kiwango hicho. Programu inaweza kuwa sahihi kabisa huku mtafiti akiwa na haki ya uhakika mdogo tu, kwa sababu amejaribu mara chache. Kinyume chake, mtafiti anaweza kuwa na uhakika mkubwa kwamba programu fulani ni mbovu.

Edsger Dijkstra, mmoja wa waasisi wa taaluma ya uandishi wa programu, alisisitiza mapema miaka ya 1970 kwamba majaribio yana uwezo wa kudhihirisha kuwapo kwa hitilafu, ila hayana uwezo wa kudhihirisha kutokuwapo kwake. Kauli hiyo ni ya kweli kimantiki, lakini haifungi mjadala. Majaribio hayathibitishi kwamba makosa hayapo. Hata hivyo, yanaweza kuwekea mpaka kiwango cha makosa yanayoweza kuwapo. Kazi ya takwimu ni kuuweka mpaka huo, na kusema waziwazi umewekwa kwa masharti gani.

3.0 Majaribio Mangapi Yanatosha?

Ichukuliwe kwamba programu imepewa maneno 100 yaliyochaguliwa kwa nasibu, nayo imeyachanganua yote bila kosa hata moja. Je, inafaa kutangaza kwamba usahihi wake ni asilimia 100? Njia ya kujibu ni kuuliza swali la upande wa pili: kama programu hiyo kwa kweli hukosea neno moja katika kila 100, kuna uwezekano gani kwamba ingepita jaribio hilo bila kosa? Uwezekano wa kupita kwa neno moja ni 0.99. Uwezekano wa kupita kwa maneno 100 mfululizo ni 0.99 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 100, yaani takribani 0.37. Kwa hiyo programu yenye makosa ya asilimia moja ina zaidi ya nafasi moja katika kila tatu ya kutoka katika jaribio hilo ikiwa safi. Ushahidi wa maneno 100 ni hafifu.

Maneno yakiwa 300, uwezekano huo hushuka hadi chini kidogo ya 0.05. Hapo ndipo mtafiti anaporuhusiwa kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba kiwango cha makosa hakizidi asilimia moja. Wanatakwimu huuita utaratibu huu kanuni ya tatu: majaribio yakiwa n na makosa yakiwa sifuri, mpaka wa juu wa kiwango cha makosa ni takribani 3 gawanya kwa n. Majaribio 300 hutoa mpaka wa asilimia moja. Majaribio 3,000 hutoa mpaka wa asilimia 0.1. Anayetaka kuupunguza mpaka mara kumi sharti aongeze majaribio mara kumi.

Ongezeko hilo lina kikomo cha kiutendaji. Ricky Butler na George Finelli walionesha mwaka 1993 kwamba viwango vinavyodaiwa katika mifumo ya kuongozea ndege, vya chini ya hitilafu moja katika saa bilioni moja, haviwezi kuthibitishwa kwa majaribio pekee. Saa bilioni moja ni zaidi ya miaka 114,000. Programu za lugha hazihitaji kiwango hicho, lakini funzo linazihusu: dai la usahihi halipaswi kuwa kubwa kuliko idadi ya majaribio inayolibeba.

Maana ya asilimia 95 nayo hupotoshwa mara kwa mara. Haimaanishi kwamba programu ina nafasi ya asilimia 95 ya kuwa sahihi. Inamaanisha kwamba utaratibu huu ukitumika mara nyingi, kwa sampuli nyingi, mpaka unaotajwa utakuwa juu ya kiwango halisi cha makosa angalau mara 95 katika kila 100. Uhakika huo ni wa utaratibu.

Makosa yanapoonekana, hesabu hubadilika kidogo. Sampuli ya maneno 1,000 yenye makosa 30 huripotiwa kwa kawaida kuwa na usahihi wa asilimia 97. Kwa mbinu iliyopendekezwa na Edwin Wilson mwaka 1927, kiwango halisi cha makosa kwa uhakika wa asilimia 95 kiko kati ya takribani asilimia 2.1 na 4.3. Kwa hiyo programu mbili, moja ikiripotiwa kuwa na usahihi wa asilimia 97 na nyingine 97.5, kila moja kwa sampuli yake ya maneno 1,000, haziwezi kupangwa daraja. Tofauti yao imo ndani ya mawimbi ya bahati nasibu.

Hesabu hizi zote husimama juu ya masharti mawili. La kwanza ni kwamba maneno ya sampuli hayategemeani. Maneno 1,000 yaliyotolewa katika habari tano za gazeti si majaribio 1,000 kamili, kwa kuwa jina la mtu au istilahi ya mkutano hurudiwarudiwa ndani ya habari moja, na programu ikilipatia mara moja italipatia mara zote. La pili ni kwamba sampuli haijatumiwa kuirekebisha programu. Mwandishi wa programu akiyaona makosa 30, akayarekebisha na kuijaribu tena kwa maneno yaleyale, atapata sifuri. Sifuri hiyo haina thamani ya kitakwimu, kwani mtihani umerudiwa baada ya majibu kutolewa.

4.0 Sampuli Inatoka Wapi?

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba sampuli itoke katika matini ya aina ileile ambayo programu itatumiwa kuichanganua. Mfano wa umbo moja unatosha kulidhihirisha. Neno wale lina uchanganuzi zaidi ya mmoja. Linaweza kuwa kionyeshi, kama katika watu wale. Linaweza pia kuwa kitenzi -la chenye kiambishi cha nafsi na kiishio -e, kama katika wape chakula wale. Sentensi waite watoto wale hubeba maana zote mbili, na ni muktadha tu unaoweza kuamua kama watoto wanaelekezwa kwa kidole au wanaitiwa chakula.

Ichukuliwe kuwa programu fulani hukiita kila wale kionyeshi. Ikijaribiwa kwa matukio 300 ya neno hilo kutoka katika habari za siasa na michezo, ambamo matumizi ya kitenzi ni adimu, inaweza kupita yote. Kanuni ya tatu itatoa mpaka wa asilimia moja, na mpaka huo utakuwa wa haki kwa habari za siasa na michezo. Programu hiyohiyo ikipelekwa katika hadithi za watoto au tamthilia yenye mazungumzo ya nyumbani, itakosea kila mara kitenzi kinapotokea. Hakuna kilichoharibika ndani ya programu. Kasoro ilikuwapo tangu mwanzo, ila sampuli haikuigusa.

Lahaja huongeza ugumu wa namna nyingine. Katika Kiamu, maneno ya Kiswahili sanifu njia, njaa na njoo huwa ndia, ndaa na ndoo. Programu iliyotungwa kwa msamiati wa Kiswahili sanifu ikikutana na ndia, itakiri kwamba hailijui neno hilo. Hilo ni kosa linalopiga kelele, na mtafiti atalisikia. Ikikutana na ndoo, haitakiri chochote: itaandika kwamba ni nomino, chombo cha kutekea maji, na kuendelea na kazi. Hilo ni kosa la kimya. Kipimo kinachohesabu maneno ambayo programu imeshindwa kuyatambua hakiwezi kamwe kulinasa, kwa kuwa neno limetambuliwa, ila limetambuliwa visivyo. Anayetaka kuchanganua Al-Inkishafi au tenzi nyingine za lahaja za kaskazini kwa programu iliyojaribiwa kwa magazeti anaazima uhakika usio wake.

Tukio mashuhuri zaidi la uhakika wa kuazima halikutokea katika isimu. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 ililipuka sekunde chache baada ya kurushwa kutoka Guyana ya Ufaransa. Sehemu ya programu ya uelekezaji ilikuwa imerithiwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Mwendo wa Ariane 5 ulikuwa tofauti: kasi ya mlalo ilizidi ile ya roketi iliyotangulia, nambari ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na programu ikasimama. Safari njema za Ariane 4 zilikuwa ushahidi wa kweli kuhusu safari za Ariane 4.

Suluhisho la kitakwimu ni kugawa matini kwa matabaka na kuchukua sampuli katika kila tabaka. Ichukuliwe kongoo ambayo asilimia 90 yake ni magazeti na asilimia 10 ni tenzi, na programu inayokosea asilimia 2 ya maneno ya magazeti na asilimia 15 ya maneno ya tenzi. Wastani wa makosa ni asilimia 3.3, na programu itatangazwa kuwa na usahihi wa asilimia 96.7. Tarakimu hiyo si ya uongo, lakini haimfai mtafiti wa magazeti, ambaye programu yake ni bora kuliko inavyosemwa, wala mtafiti wa tenzi, ambaye yake ni mbovu zaidi. Wastani umewaficha wote wawili.

5.0 Kukadiria Yasiyoonekana

Hata sampuli iliyochaguliwa vizuri huacha swali: ni makosa mangapi yaliyobaki bila kuonekana? Njia mbili za kulijibu zina asili iliyo karibu na kazi ya fasihi na lugha.

Njia ya kwanza ilielezwa na mwanahisabati George Pólya mwaka 1976 kwa mfano wa usomaji wa prufu. Wasomaji wawili hupitia matini moja kila mmoja peke yake. Chukulia kwamba wa kwanza anaona makosa 40, wa pili 30, na kati ya hayo 24 yameonwa na wote wawili. Msomaji wa pili amegundua 24 kati ya 40 aliyoyaona wa kwanza, yaani asilimia 60. Basi inakadiriwa kuwa amegundua asilimia 60 ya makosa yote, na makosa yote ni 50. Yaliyoonwa na angalau mmoja wao ni 46. Yaliyobaki ni takribani manne, ingawa hakuna aliyeyaona. Utaratibu huohuo unafaa pale wataalamu wawili wanapokagua majibu ya programu.

Udhaifu wake uko katika neno peke yake. Hesabu hudai kwamba wasomaji wawe huru, si kwa kukaa vyumba tofauti tu bali kwa kutofanana katika namna ya kukosea. John Knight na Nancy Leveson waliipima dhana hiyo ya uhuru katika jaribio walilolichapisha mwaka 1986. Programu 27 ziliandikwa na watu tofauti kutokana na maelezo yaleyale, kisha kila moja ikajaribiwa mara milioni moja. Matukio ambapo programu zaidi ya moja zilikosea pamoja yalizidi mno yale ambayo uhuru ungetabiri. Watu tofauti walijikwaa penye ugumu uleule. Wataalamu wawili waliosoma sarufi moja katika idara moja nao huweza kulipita kosa lilelile, na hapo makadirio ya makosa yaliyobaki huwa madogo kuliko ukweli. Ni afadhali mmoja wao awe mjuzi wa lahaja au wa utanzu unaochunguzwa.

Njia ya pili ilichapishwa na Irving Good mwaka 1953, kutokana na wazo alilolipata kwa Alan Turing. Kanuni yake ni nyepesi kuitumia: uwezekano kwamba jambo litakalofuata ni la aina mpya kabisa unakaribia idadi ya aina zilizoonekana mara moja tu, ikigawanywa kwa idadi ya matukio yote. Bradley Efron na Ronald Thisted waliitumia fikra ya jamii hii mwaka 1976 kukadiria ukubwa wa msamiati wa Shakespeare. Kazi zake zina jumla ya maneno 884,647 na maumbo tofauti 31,534, ambayo 14,376 kati yake yametokea mara moja tu. Kwa kanuni ya Good, iwapo maandishi mengine ya Shakespeare yangepatikana, mwanzoni takribani neno moja katika kila 62 lingekuwa jipya.

Marcel Böhme alionesha mwaka 2018 kwamba majaribio ya programu yanaweza kutazamwa kwa jicho hilohilo, kila aina ya tabia ya programu ikihesabiwa kama spishi inayotafutwa msituni. Ikiwa maneno 5,000 yamekaguliwa na aina 60 za makosa zimepatikana, 15 kati yake mara moja tu, basi uwezekano kwamba neno litakalofuata litafichua aina mpya ya kosa ni takribani 15 gawanya kwa 5,000, yaani asilimia 0.3. Mkaguzi ana kigezo cha kuamua aendelee au asimame: aina zinazoonekana mara moja zikiwa bado nyingi, kazi haijafika mwisho.

Kwa Kiswahili kigezo hiki kina uzito wa pekee. Kitenzi chake hubeba viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi, yambwa na kauli mbalimbali, kiasi kwamba shina moja huzaa maumbo mengi mno. Mengi kati yake ni adimu, na sampuli yoyote itajaa maumbo yaliyotokea mara moja. Idadi ya majaribio inayotosha kwa lugha yenye maumbo machache huenda isikitoshe Kiswahili.

6.0 Namna ya Kuripoti

Kutokana na maelezo haya, dai la usahihi wa programu katika utafiti wa Kiswahili linastahili kuambatana na mambo matano: (i) idadi ya maneno yaliyojaribiwa na idadi ya makosa, badala ya asilimia peke yake, (ii) mipaka ya makadirio na kiwango cha uhakika, (iii) chanzo cha sampuli, namna ilivyochaguliwa, na matokeo ya kila utanzu au lahaja kwa upande wake, (iv) wakaguzi walikuwa wangapi, walikubaliana kwa kiasi gani, na kama sampuli ilikuwa imewahi kutumiwa kuirekebisha programu, na (v) idadi ya aina za makosa zilizoonekana mara moja tu.

Masharti haya hayahitaji vifaa vya gharama. Mtafiti anayetaka kuhesabu umbo mahususi anaweza kuchota kwa nasibu matukio 300 ya umbo hilo katika kongoo yake mwenyewe, akayakagua kwa macho, na kuripoti alichokiona. Akague pia sampuli ya maneno ambayo programu haikuyaita kwa jina la umbo hilo, kwani makosa ya kimya hujificha upande huo. Kazi hiyo ya siku chache humpa haki ya kusema jambo ambalo tarakimu ya mwandishi wa programu haiwezi kumpa.

7.0 Hitimisho

Takwimu haziifanyi programu kuwa sahihi, wala hazithibitishi kwamba haina kosa. Zinachofanya ni kuonesha ushahidi uliopo unafika wapi. Kanuni ya tatu hueleza jinsi majaribio machache yasivyosema mengi; mipaka ya makadirio huzuia tofauti ndogo kugeuzwa ushindi; mbinu za Pólya na Good hukadiria kilichobaki gizani. Zote hutegemea sampuli, na sampuli hutegemea uamuzi kuhusu Kiswahili kipi kinachochunguzwa. Uamuzi huo hauwezi kuachiwa mhandisi, kwa kuwa anayejua kwamba wale huweza kuwa kitenzi na kwamba ndoo huweza kuwa wito ni mwanaisimu na msomi wa fasihi.